Kuweka swingi kwenye MuseScore: mwongozo kwa walimu wa kwaya wa Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho huku kwetu ndio msimu wa kufundisha nyimbo za Noeli. Kuanzia Oktoba waimbaji wengi wa Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea wanashinda mashambani, na mazoezi ya jioni yanapata nusu ya watu. Mwalimu anaandika wimbo kwenye kompyuta, anatoa faili la sauti kwa kila kundi na kulituma kwa WhatsApp. Mwimbaji anajifunza kwa sikio, kwa kile kinachotoka kwenye simu yake. Karatasi ataikuta kanisani.

Programu ya kuandikia nota haijui wimbo unavyoimbwa. Inasoma kilichoandikwa: kwava (nota za nusu pigo) mbili ndani ya pigo, nusu kwa nusu. Wimbo wa kubembea unatoka mkavu, na mwimbaji anaushika hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye sauti ya tatu wote wanaimba nota zilizonyooka wakati mpiga kinanda anabembea, na kumng'oa mtu kwenye mdundo alioushika vibaya ni kazi kubwa kuliko kumfundisha upya. Kwa hiyo swingi, yaani huko kubembea kwa mdundo, irekebishwe kabla faili halijatoka mkononi mwako.

Maelezo yafuatayo ni ya MuseScore, toleo la 3 lililotoka mwaka 2018 na toleo la 4 lililotoka mwaka 2022. Ni programu ya bure, na ikishasakinishwa inafanya kazi bila intaneti. Majina ya menyu tumeyaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili usihangaike kuyatafuta.

Swingi kwa namba

Kwenye 4/4 pigo ni krocheti moja, na ndani yake mnakaa kwava mbili. Swingi inairefusha kwava ya kwanza, inaichelewesha ya pili na kuifupisha. Pigo lenyewe halisogei, na urefu wa ba (kipande cha wimbo kati ya mistari miwili ya wima) haubadiliki.

MuseScore inataja swingi kwa asilimia ya kwava ya kwanza. 50 ni nota zilizonyooka. 60 ndiyo namba utakayoikuta programu imeshajiwekea. 67 ni mgawanyo wa tripleti (nota tatu sawa ndani ya pigo moja), mbili kwa moja. 75 ni sawasawa na kwava yenye nukta ikifuatwa na semikwava (nota ya robo pigo).

Chukua mwendo wa krocheti 100 kwa dakika. Pigo moja lina milisekunde 600. Kwa asilimia 50 kwava ya pili inaingia kwenye milisekunde ya 300. Kwa 60 inaingia ya 360. Kwa 67 ya 402. Kwa 75 ya 450. Tofauti ya 60 na 67 ni milisekunde 42 tu, lakini sikio la mwimbaji linaikamata. Ukiwa na sauti nne, mbili zikifuata 60 na mbili 67, utasikia kila silabi iliyo kwenye kwava ya pili ikigonga mara mbili.

Kwanza amua pigo linagawanyika vipi

Makosa mengi ya swingi huanzia hapa, kabla hata kompyuta haijawashwa. Imba ubeti mmoja huku ukigonga mguu kwenye pigo. Kati ya mguu na mguu sema "ta-ka", halafu rudia ukisema "ta-ka-ta". Angalia maneno ya wimbo yanakaa wapi.

Kama silabi zinakaa kwenye zote tatu za "ta-ka-ta" mara kwa mara, wimbo huo ni wa pigo la tatu. Uandike 6/8 au 12/8 na swingi usiiguse kabisa. Anayeandika nyimbo za ngoma za huku kusini, ziwe za Kimakonde, Kiyao au Kimwera, asikilize ngoma ndogo: ikipiga tatu sawa ndani ya kila pigo, jibu ni 12/8. Kuilazimisha ngoma ya namna hiyo iwe 4/4 yenye swingi kunaipotezea mapigo ya katikati, na hayo ndiyo uhai wake.

Kama unasikia ndefu na fupi tu, na "ka" ya katikati haitokei, andika 4/4 kwa kwava za kawaida, kisha weka swingi ya kwava. Karatasi inabaki safi, na waimbaji wanaisoma kwa urahisi kuliko msitu wa tripleti.

Kama wimbo ni wa taratibu, krocheti 70 hadi 95, na mchezo wote uko kwenye semikwava huku kwava zimetulia, unahitaji swingi ya semikwava. Mapambio mengi ya sasa yanayofuata mdundo wa kinanda yako hivi.

Na kama ni wa mwendo wa sebene, gitaa likikimbia kwa semikwava zilizolingana, acha nota zinyooke. Swingi itauvuta nyuma na wachezaji watapoteza miguu.

Silabi yenye mkazo iangukie wapi

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na swingi inaipa kwava ya kwanza urefu zaidi. Ukivioanisha hivyo viwili, wimbo unajiimba wenyewe. Ukivigonganisha, hakuna asilimia itakayokuokoa.

Tazama neno "ametuokoa". Lina silabi sita: a-me-tu-o-ko-a. Ukilianza kwenye pigo la kwanza kwa kwava, "ko" inaangukia pigo la tatu, kwenye kwava ndefu. Vizuri. Sasa chukua "amezaliwa": a-me-za-li-wa, silabi tano. Ukilianza pigo la kwanza, "li" inaangukia kwava fupi ya pigo la pili. Kwa mwendo wa 100 na asilimia 67, silabi yenye mkazo inapata milisekunde 198 badala ya 300, na "wa" isiyo na mkazo ndiyo inayotamba kwenye pigo la tatu. Msikilizaji anasikia "ameza-liWA".

Dawa si kupunguza swingi. Isogeze "a" iwe nota ya utangulizi kabla ya mstari wa ba, ili "me" ianze pigo la kwanza na "li" iangukie la pili. Kagua kila ubeti, kwa sababu ubeti wa pili mara nyingi una maneno ya idadi nyingine ya silabi. Kazi hii ifanye kabla ya kuweka asilimia.

Kuweka swingi kwa wimbo mzima

1. Fungua faili, kisha nenda menyu ya Format, chagua Style, halafu ukurasa wa Score.
2. Tafuta sehemu ya Swing. Kuna chaguo tatu: Off, Eighth na Sixteenth. Eighth ni kwava. Sixteenth ni semikwava. Ukiwa umechagua Kiingereza cha Uingereza utayaona majina yaliyozoeleka kwetu ya kwava na semikwava.
3. Chagua unachotaka, andika asilimia, kubali.
4. Rudi mwanzo wa wimbo na usikilize ba nane angalau. Ba mbili hazitoshi. Sikio linahitaji muda wa kuzoea.

Njia hii haiandiki chochote kwenye karatasi. Inafaa wimbo ambao hauna sehemu iliyonyooka popote.

Kuweka swingi kuanzia mahali fulani

Nyimbo nyingi zina utangulizi mpole ulionyooka, kisha kiitikio kinabembea. Hapo tumia maandishi yenye amri.

1. Bofya nota ya kwanza ya sehemu inayoanza kubembea. Kama sehemu hiyo ina nota ya utangulizi, bofya nota hiyo ya utangulizi, si ile inayofuata mstari wa ba.
2. Fungua Palettes kwa kubonyeza F9, ingia kwenye kundi la Text, bofya Swing. Neno litatokea juu ya stafu (mistari mitano ya nota).
3. Bofya neno hilo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua mstari wa sifa za maandishi, wenye neno Properties mwishoni. Kwenye ukurasa wa swingi chagua Eighth au Sixteenth na uandike asilimia.
4. Mahali pa kurudia nota zilizonyooka, weka neno Straight kutoka kundi lile lile.
5. Kama hutaki maneno hayo yaonekane kwenye nakala za waimbaji, yachague na ubonyeze V. Yanafichika, lakini amri inaendelea kufanya kazi.

Unaweza kubadilisha maandishi yenyewe na kuandika "Kwa kubembea" badala ya Swing. Amri imo kwenye sifa, haimo kwenye herufi. Kinyume chake nacho ni kweli: ukiandika neno Swing wewe mwenyewe kama maandishi ya kawaida, programu haitafanya lolote mpaka uingie kwenye sifa zake.

Kuna aina mbili za maandishi. Maandishi ya mfumo, yanayoandikwa kwa Ctrl+Shift+T, yanaamuru stafu zote. Maandishi ya stafu, kwa Ctrl+T, yanaamuru stafu moja tu. Hii ya pili ina faida pale unapotaka kinanda cha kusindikiza kibembee huku sauti zikiimba nota ndefu zilizonyooka, au unapotaka ngoma ipate asilimia yake. Usiitumie kuzipa sauti nne asilimia nne. Kwaya ni mwili mmoja.

Asilimia ngapi?

Kadiri mwendo unavyoongezeka, swingi ipungue. Wimbo wa haraka wenye asilimia 67 unasikika unarukaruka, kwa sababu kwava fupi inakosa nafasi ya kutamka silabi. Tunaanzia hapa:

Krocheti 70 hadi 100: asilimia 64 hadi 67.
Krocheti 105 hadi 150: 58 hadi 62.
Zaidi ya 170: 53 hadi 56, au acha zinyooke.
Swingi ya semikwava, mwendo wa 70 hadi 95: 54 hadi 58. Kwenye semikwava hata nyongeza ya mbili inasikika.

Hizi ni sehemu za kuanzia. Hakimu ni matamshi. Imba mstari wenye silabi nzito kama "mshangilieni" au "tumtukuze" kwa sauti yako huku programu inacheza. Ulimi ukikwama kwenye kwava ya pili, punguza mbili, jaribu tena. Usipande hadi 75 kwa kwaya. Namba hiyo ni ya kwata, inafaa tarumbeta za maandamano zaidi ya sauti za watu.

Jaribio la tripleti

Kama huna uhakika sikio lako linasikia nini, fanya jaribio hili mara moja tu na utalielewa maisha yote. Fungua faili jipya lenye stafu mbili za piano, mwendo 100. Stafu ya juu jaza ba nne za kwava tupu, nota moja ile ile. Stafu ya chini jaza tripleti, lakini nota ya katikati ya kila tripleti iwe pumziko. Weka swingi ya kwava, asilimia 67.

Programu haigusi tripleti, zinabaki zilivyoandikwa. Kwa hiyo nota ya tatu ya tripleti inaingia milisekunde ya 400 na kwava yako ya pili inaingia ya 402. Utasikia mguso mmoja. Shusha hadi 60: sasa kwava inatangulia kwa milisekunde 40, na unasikia "tra" badala ya "ta". Panda hadi 75: kwava inachelewa kwa 50. Ukishazisikia namba hizi tatu, utaweza kusikiliza kwaya ikiimba moja kwa moja na kukisia asilimia yao bila kukosea sana, na hiyo ndiyo namba ya kuandika.

Yanayoharibika, na sababu zake

Umeweka swingi na hakuna kilichobadilika. Mara nyingi nota zimeandikwa kwa nukta tayari, yaani kwava yenye nukta na semikwava. Swingi inatafuta nota inayoanza katikati kabisa ya pigo, na semikwava hiyo inaanza robo tatu ya pigo, kwa hiyo inapitwa. Nyimbo nyingi za zamani zilizopitishwa kutoka sofa (mwandiko wa do-re-mi) kwenda stafu ziko hivi: mwandishi alisikia kubembea, akaandika nukta. Zibadilishe kuwa kwava mbili za kawaida, kisha weka asilimia. Ndiyo, ni kazi ya ba kwa ba, lakini karatasi itasomeka vizuri zaidi.

Sababu ya pili ni semikwava ndani ya pigo. Ukichagua swingi ya kwava, MuseScore haigusi mahali ambapo kwava imekatwa vipande vidogo zaidi. Silabi mbili za haraka kwenye sauti ya kwanza zinatosha kuinyoosha sehemu hiyo kwa sauti ya kwanza peke yake, huku sauti ya pili ikiendelea kubembea. Hapo sauti zinaachana kwa pigo moja na kukutana tena, na mwalimu anatafuta kosa kwenye mwendo wakati kosa liko kwenye semikwava mbili. Kama pigo hilo haliepukiki, liandike kwa tripleti kwenye sauti hiyo: silabi mbili za kwanza kwenye nota mbili za mwanzo, ya tatu kwenye nota ya mwisho. Kwa asilimia 67 itakutana na wenzake.

Sauti mbili zinakwaruzana wimbo mzima. Moja imeandikwa kwa nukta, nyingine kwa kwava zenye swingi. Kwa mwendo wa 80, nota ya nukta inaingia milisekunde ya 562 na kwava yenye asilimia 67 inaingia ya 502. Pengo la 60 linachosha masikio. Chagua mwandiko mmoja kwa sauti zote.

Wimbo wa 6/8 unachechemea. Mtu ameweka swingi ya kwava kwenye wimbo wa pigo la tatu. Programu inazihesabu kwava mbili mbili: inachelewesha ya 2, ya 4 na ya 6. Lakini kwenye 6/8 kwava ya 4 ndiyo pigo la pili! Limesogezwa pigo lenyewe, na hakuna mwimbaji atakayeweza kulifuata. Rudisha Off. Kama wimbo unahama kutoka 4/4 kwenda 6/8, weka Straight kwenye nota ya kwanza ya 6/8.

Nota ya utangulizi katikati ya wimbo imenyooka. Hutokea pale mstari umekatwa kuwa ba pungufu yenye kwava moja, mathalani mwisho wa ubeti kabla ya kiitikio. Programu inaweza kuihesabu kwava hiyo kuwa mwanzo wa pigo, hivyo isiicheleweshe. Njia ya uhakika ni kutumia ba kamili: jaza mapumziko, kisha kwava yako nusu ya mwisho ya pigo la mwisho. Nakala haitapendeza sana lakini sauti itakuwa sahihi. Hii ni sababu mojawapo ya kuwa na mafaili mawili, tutakayoyasema chini.

Swingi ipo lakini haisikiki. Angalia sauti uliyochagua. Sauti za kwaya za kompyuta zinaanza polepole, kama mtu anayefungua mdomo. Mwanzo wa nota ukiwa mzito hivyo, milisekunde 40 zinamezwa. Bonyeza F10, Mixer (kidirisha cha kuchagua na kupima sauti) inafunguka. Badilisha sauti ya waimbaji iwe piano. Kwa kujifunzia piano inashinda kila kitu, kwa kuwa kila nota ina ncha. Kwenye toleo la 4, kompyuta ya zamani itakwama na sauti kubwa za Muse Sounds, ambazo ni za gigabaiti nyingi kupakua. Tumia MS Basic inayokuja na programu.

Zaidi ya swingi

Asilimia sahihi bado inaweza kutoa uimbaji wa mashine. Kinachobaki ni mkazo, urefu na pumzi, na vyote vinawekwa bila kuchafua karatasi.

Mkazo: chagua nota, bonyeza Shift+V. Weka kwenye silabi zenye mkazo wa neno, tena si zote. Mbili kwa mstari zinatosha. Urefu: kwava fupi ya swingi isiwekewe stakato bila sababu. Stakato inakata nota karibu nusu, na kwava ambayo swingi imeshaifupisha inabaki kama tone. Kama unataka mistari ilainike, weka tenuto (alama ya kushikilia nota urefu wake wote), Shift+N, kwenye kwava ndefu.

Nguvu za sauti ziweke kutoka kundi la Dynamics, p, mf, f, kisha zifiche kwa V zile ambazo ni za kompyuta tu. Nota iliyofichwa inachezwa, na alama iliyofichwa inatiiwa. Mwendo nao hivyo hivyo: Alt+Shift+T inaandika alama ya mwendo, unaweza kuweka 96 kwenye ubeti na 100 kwenye kiitikio kisha uifiche ya pili. Kwenye toleo la 4, mistari ya kupunguza mwendo iliyomo kundi la Tempo inachezwa taratibu hadi mwisho wake. Ukifika kwenye kupunguza mwendo mwisho wa wimbo, ondoa swingi ba moja kabla. Kwava ndefu na fupi zikipunguzwa mwendo zinaonyesha mshono.

Pumzi ndiyo walimu wengi wanaisahau. Kompyuta haipumui. Mwimbaji anayejifunza kwa faili lisilo na pumzi anafika mazoezini akikata maneno popote hewa inapokwisha. Mwisho wa kila mstari wa shairi, ikate krocheti iwe kwava na pumziko la kwava. Pumziko hilo lina urefu wa kwava fupi, kwa hiyo kwa swingi ya 67 na mwendo wa 100 ni milisekunde 198 tu. Kama mstari unaofuata ni mrefu, hiyo haitoshi. Toa krocheti nzima.

Kutoa mafaili ya kutuma

Weka mafaili mawili ya kila wimbo. La kwanza ni la karatasi: safi, linalosomeka, la kuchapwa. La pili ni la sauti: humo fanya ujanja wote, mapumziko ya ziada, piano badala ya kwaya, alama za mkazo. Yape majina yanayojieleza, kama "noeli-karatasi" na "noeli-sauti". Umeme unapokatika ghafla utashukuru kama umezoea kubonyeza Ctrl+S kila baada ya ba chache, na nakala ikae kwenye flashi.

Kwenye faili la sauti ongeza stafu moja ya ngoma au mbao inayogonga krocheti tupu, pamoja na ba moja ya kugonga kabla ya wimbo kuanza. Usitegemee metronomu ya programu kwa kazi hii. Ile ni ya kukusaidia wewe unaposikiliza. Pigo lililonyooka chini ya sauti zinazobembea ndilo linalomfundisha mwimbaji swingi iko wapi.

Kisha, kwa kila sauti: fungua Mixer, acha sauti inayojifunzwa ilivyo, shusha nyingine tatu kwa desibeli 10 hadi 12. Usizizime kabisa. Swingi hujifunzwa kwa kuwasikia wenzako. Nenda File, Export, chagua MP3. Kwa kiwango cha 128 kila dakika inachukua karibu megabaiti moja, hivyo wimbo wa dakika nne wenye sauti nne ni kama megabaiti 16. Kwa mwimbaji anayenunua bando la siku, mtumie sauti yake tu.

Toa pia nakala moja ya polepole. Punguza alama ya mwendo kwa robo, kutoka 100 hadi 75, na upandishe asilimia kidogo, mathalani kutoka 62 hadi 65, ili kubembea kusikike kule kule.

Kabla ya kutuma, sikiliza kwa simu ya kawaida bila spika ya nje. Besi karibu haitasikika kwenye simu ndogo. Waambie sauti ya nne watumie visikizi. Kama kwenye simu husikii tofauti kati ya kwava ndefu na fupi, mwimbaji naye hataisikia.

Ukiwa na programu nyingine

Sibelius inayo mipangilio hii chini ya jina Rhythmic feel, na badala ya asilimia inakupa majina ya viwango, kutoka Light swing kwenda juu. Finale ilisitishwa na watengenezaji wake mwaka 2024. Walio nayo bado inawafanyia kazi, lakini nyimbo za miaka mingi zilizomo humo zianze kuhamishwa sasa kwa MusicXML, aina ya faili inayosomwa na programu mbalimbali za nota. Nota, maneno na sofa zilizoandikwa chini zitavuka, ingawa mpangilio utahitaji kupangwa upya. Swingi usiitarajie ivuke. MusicXML ilipata alama maalumu ya swingi kwenye toleo la 4.0 la mwaka 2021 tu, na faili lililotolewa kwa matoleo ya nyuma halina. Ukishafungua faili upande wa pili, nenda moja kwa moja kwenye Style, weka asilimia upya, kisha sikiliza ba nane za kiitikio ukilinganisha na rekodi ya zamani.